Safari ndefu ya msimu wa theluji: matairi ya baridi au cheni?

Njia Panda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Mwezi wa kwanza nina safari na familia kwa gari, kama kilomita 1,100 kwenda tu. Sehemu kubwa ni barabara kuu tambarare. Katikati tunapanda mlima, tunavuka upande wa pili, tunashuka mpaka tunakokwenda. Mipaka ya nchi tunavuka miwili. Gari ni saluni ya kawaida inayovuta mbele, na matairi yaliyomo ni ya kiangazi, meno bado marefu kabisa, ndiyo maana roho inaniuma kuyavua.

Hesabu yangu iko hivi: theluji yenyewe nitaikuta mlimani tu, labda kilomita 40 au 50. Kwa nini ninunue matairi manne kwa ajili ya kilomita 50, wakati seti moja ya cheni inakaa kwenye buti, nikifika mlimani nafunga, nikishuka nafungua? Kuna wanaoniambia cheni ni za watu wasiojipanga, na kuna wanaoniambia matairi ya baridi ni ujanja wa wauza matairi. Mliowahi kuendesha kwenye theluji, nisaidieni.

Kona Kali

Nimeweka kigoda hapa. Waje wenye uzoefu.

Spana 14

Mkuu, wewe umeanza kuhesabu kwenye theluji. Anza kwenye baridi.

Mpira wa tairi la kiangazi umechanganywa kwa ajili ya lami yenye joto. Hali ya hewa ikishuka kwenye nyuzi 7 hivi unaanza kukakamaa, na baridi ikizidi nao unazidi. Mpira uliokakamaa hauingii kwenye vinyweleo vya lami, unapita juu juu. Hapo sijataja theluji hata chembe. Nasema lami nyeusi, asubuhi, mwezi wa kwanza, labda na unyevu kidogo. Hizo kilomita zaidi ya elfu moja unazoziona hazina neno ndizo utakazokimbia kwa mwendo mkubwa kuliko zote, na utakuwa juu ya mpira ambao si wa hali hiyo. Huko cheni haikufai kitu, kwa sababu haifungwi kwenye lami tupu. Ukiifunga inatafuna lami, inatafuna tairi, na yenyewe inakatika.

Tairi la baridi mchanganyiko wake unabaki laini kwenye baridi. Lichunguze: kila jino lina mikato myembamba, kama limepitishwa wembe. Jino likigandamizwa barabarani ile mikato inafunguka, kila ukingo unang'ata. Halafu mifereji yake inajipakia theluji, na watu wakiona hivyo wanadhani tairi limeziba. Wala. Theluji inashikana na theluji kuliko mpira unavyoishika, kwa hiyo ile iliyojazana kwenye meno ndiyo inayoshika iliyo chini.

Kwa safari kama yako, ukinilazimisha nichague kimoja tu, ni matairi. Manne, si mawili.

Mbishi wa Kudumu

Spana, na wewe ni fundi, lazima useme hivyo. Nimeona watu wanavuka milima na matairi ya kiangazi pamoja na cheni, wanafika, wanakunywa chai. Na hapa barabara kuu zinamwagwa chumvi na kukwanguliwa usiku kucha.

Spana 14

Wanafika, sibishi. Swali ni wanasimamaje mtu akikatiza mbele yao. Na chumvi ina mwisho wake: baridi ikizidi kiasi cha nyuzi 10 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inakuwa mvivu sana kuyeyusha.

Mtu wa Hesabu

Tuweke namba basi. Umbali wa kusimama tangu breki iume ni mwendo zidisha kwa mwendo, gawanya kwa (2 × mshiko × 9.81). Hiyo 9.81 ni mvutano wa dunia. Mwendo uwe wa mita kwa sekunde.

Chukua 50 km/h, yaani karibu mita 14 kwa sekunde.

Lami kavu, mshiko 0.8: mita 12.
Theluji iliyoshindiliwa, tairi linaloishika vizuri, tuseme 0.3: mita 33.
Theluji hiyohiyo, mshiko ukiwa nusu ya huo: mita 66.
Barafu, 0.1: mita 98.

Mshiko niliouweka ni wa makadirio, unabadilika kwa tairi, kwa joto na kwa aina ya theluji. Lakini uhusiano haubadiliki: mshiko ukipungua nusu, umbali unazidi maradufu. Mwendo ukiongezeka ni mbaya zaidi. Kwa 80 km/h na mshiko ule mzuri wa 0.3 unahitaji mita 84, na hapo sijaweka muda wa kushtuka. Sekunde moja ya kushtuka kwa mwendo huo ni mita 22 nyingine.

Mbishi wa Kudumu

Kanuni yako haina dereva ndani yake.

Mtu wa Hesabu

Haina kweli. Imempa dereva mguu wa haraka na akili timamu. Ukimweka dereva halisi namba zinapanda.

Njia Panda (mwanzisha uzi)

Nimewasoma. Lakini bado hamjajibu kitu kimoja. Pale mlimani penyewe, kwenye theluji nene, cheni si inashika kuliko tairi lolote? Chuma kinachimba. Sasa kama mahali pabaya kuliko pote cheni ndiyo bingwa, kwa nini nisiwe nayo na huku tambarare nikaenda polepole?

Dereva wa Mteremko

Swali zuri, na jibu lake ndilo watu wengi hawalifikirii. Mimi naendesha magari ya mizigo milimani, nitakwambia ninachokijua.

Ndiyo, kwenye theluji nene iliyoshindiliwa na hasa kwenye mwinuko mkali, cheni inashinda. Kwenye barafu pia, tairi la baridi lisilo na misumari linahangaika na cheni inachimba. Hilo halina ubishi.

Lakini jiulize: cheni utafunga magurudumu mangapi? Seti moja ni ya magurudumu mawili. Gari lako linavuta mbele, kwa hiyo utafunga mbele. Nyuma kunabaki nini? Matairi mawili ya kiangazi, yamekakamaa, yamekanyaga theluji bila chochote. Kupanda utapanda vizuri na utajisifu. Ngoja uanze kushuka. Unagusa breki kwenye kona, mbele panashika kama pamepigiliwa, uzito wote unahamia mbele, nyuma pamekuwa pepesi na hapana mshiko. Mkia unatoka. Unajikuta gari limegeuka linatazama ulikotoka. Cheni za mbele ndizo zilizokuza tofauti hiyo, kwa sababu zimefanya mbele pawe na nguvu kuliko nyuma.

Ndiyo maana Spana amesema manne. Kanuni ileile inamhusu mtu anayenunua matairi mawili tu ya baridi akayaweka mbele ili abane matumizi. Anajitengenezea gari linalopanda vizuri na kugeuka lenyewe wakati wa kushuka.

Ukiwa na matairi manne ya baridi halafu juu yake ukafunga cheni mbele, nyuma bado kuna kitu kinachoshika. Hapo cheni inafanya kazi yake bila kukuletea balaa.

Kona Kali

Hii ya mkia sikuwahi kuisikia. Kumbe.

Bibi Usukani

Nami niongeze upande wa mikono, maana hapa wote mnazungumza kana kwamba cheni inajifunga yenyewe.

Mwanangu Njia Panda, sema umefika pale wanapolazimisha cheni. Ni usiku, theluji inakupiga usoni kwa ubavu, malori yanapita yanakurushia tope la barafu, watoto wamelala ndani na mlango ukifunguliwa wanalia. Unapiga magoti kwenye maji ya barafu. Cheni imejisokota kwenye mfuko wake. Hujui upande gani unatazama nje. Kulabu ya nyuma ya gurudumu huioni, unaipapasa, na glovu nene hazipapasi, kwa hiyo unazivua. Dakika tano baadaye vidole si vyako tena.

Nayasema haya kwa sababu nimesimama pembeni mwa barabara nikiwasaidia watu wengi wanaofungua boksi la cheni kwa mara ya kwanza wakiwa hapohapo. Boksi bado lina gundi! Fungia nyumbani kwanza, mchana, pakiwa pakavu. Funga, fungua, funga tena mpaka mikono iwe imezoea. Na mfukoni uwe na tochi ya kuvaa kichwani, glovu za mpira zisizoingiza maji, na kitu cha kupigia magoti. Zulia la miguuni la gari linatosha.

Ukishafunga, songa mita chache tu, simama, kaza tena. Cheni ikianza kuzunguka inajipanga na inalegea. Zile zinazojikaza zenyewe zipo, lakini mimi hushuka kuangalia hata hizo. Iliyolegea inapiga fenda, inapiga bomba la breki, na hapo umekuwa na shida mbili.

Msafiri wa Usiku

Bibi ameongea. Niongeze tu: usisubiri mpaka uteleze ndipo ufunge barabarani. Kuna sehemu zimetengwa kabla ya mwinuko. Anayengoja mpaka amekwama katikati ya kona anazuia foleni nzima, na gari la kukwangua theluji halimfikii.

Mzee wa Makavazi

Mada iko motomoto lakini niwape kidogo ya zamani. Cheni za matairi zilipata hataza (haki ya mvumbuzi) Marekani mwaka 1904. Mwenye hataza ni Harry D. Weed wa jimbo la New York. Inasimuliwa kwamba aliona madereva wanazungushia kamba na mimea inayotambaa kwenye matairi ili yasiteleze kwenye matope. Tairi la baridi lilikuja baadaye, Ufini, mwaka 1934, kiwanda ambacho leo kinajulikana kama Nokian, na lilitengenezwa kwa ajili ya malori kwanza. Magari madogo yalipata lao mwaka 1936. Kwa hiyo cheni zilitangulia kwa miaka 30.

Mbishi wa Kudumu

Basi cheni ni mkubwa, zipewe heshima yake 😄

Mzee wa Makavazi

Mkubwa asiyezidi kilomita 50 kwa saa akifungwa.

Sheria Mkononi

Turudi. Njia Panda, umesema unavuka mipaka miwili, na hujatutajia nchi. Mimi sikuulizi, lakini uzisome sheria za kila nchi utakayokanyaga, maana hazifanani hata kidogo. Mifano:

Ujerumani haina tarehe. Barabara ikiwa na theluji, barafu au umande ulioganda, lazima uwe na matairi ya baridi, na cheni hazichukui nafasi yake. Ukifunga cheni mwisho ni 50 km/h kisheria.

Austria ina tarehe, 1 Novemba hadi 15 Aprili, hali ikiwa ya majira ya baridi. Matairi manne ya baridi, meno yasipungue mm 4. Wanaruhusu cheni juu ya matairi ya kiangazi, lakini pale tu barabara inapokuwa imefunikwa na theluji au barafu yote au karibu yote. Mkuu, hesabu yako inafia hapo: lami ikionekana vipandevipande, huku kumepoa na kuna theluji kidogo, huruhusiwi kwenda na cheni na huruhusiwi kwenda bila matairi ya baridi.

Ufaransa, tangu Novemba 2021, kwenye maeneo ya milima yaliyowekewa alama, 1 Novemba hadi 31 Machi: ama matairi manne ya baridi, ama uwe na cheni au soksi za tairi (vifuniko vya kitambaa) ndani ya gari za magurudumu mawili yanayovuta. Hapa mpango wako wa awali ungekubalika.

Italia, barabara nyingi zenye alama hiyo: 15 Novemba hadi 15 Aprili, matairi ya baridi au cheni ndani ya gari.

Quebec, Kanada: matairi ya baridi ni lazima 1 Desemba hadi 15 Machi. 

California, Marekani, wana ngazi tatu. R1: cheni kwa wote isipokuwa magari madogo yenye matairi ya theluji kwenye magurudumu yanayovuta. R2: cheni kwa wote isipokuwa yanayovuta manne na yenye matairi ya theluji yote manne. R3: kila gari cheni, hakuna msamaha. Na hata aliyesamehewa lazima awe nazo ndani ya gari. 

Kisha Ulaya ipo alama ya duara la bluu lenye picha ya tairi lililofungwa cheni. Ukiikuta, funga cheni angalau magurudumu mawili yanayovuta, hata kama matairi yako ni ya baridi na mapya, isipokuwa kibao cha chini yake kimekuruhusu. Hapo ndipo wenye matairi mazuri bila cheni wanapogeuzwa.

Njia Panda (mwanzisha uzi)

Kwa hiyo hata nikinunua matairi bado nahitaji cheni?

Sheria Mkononi

Kama njia yako ina pasi ndefu, yaani barabara ya kuvuka mlima, ndiyo, ziwe ndani. Huenda usizitumie kabisa.

Mbishi wa Kudumu

Haya, nikubali nusu. Lakini kuna matairi ya misimu yote. Yana M+S ubavuni, maana yake matope na theluji. Ya kwangu yana M+S na nimeyatumia mwaka mzima. Si atafute hayo, asibadilishe tena mwaka mzima?

Spana 14

Mbishi, hapa umeleta hoja ya kweli ila imefungwa kwenye alama mbovu.

M+S mtengenezaji anaiandika mwenyewe kwa kuangalia umbo la meno. Hakuna kipimo cha barabarani kinachodaiwa. Ninyi mnaotembea na M+S tupu mnaweza kuwa na tairi ambalo halijawahi kukanyaga theluji. Alama ya kutafuta ni mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Hiyo haipewi bila kupimwa mshiko kwenye theluji. Ujerumani, M+S peke yake ilikuwa bado inakubaliwa kwa matairi yaliyotengenezwa hadi mwisho wa 2017, ila tangu Oktoba 2024 haikubaliwi tena. Ufaransa nao wamebana Novemba hiyohiyo ya 2024.

Matairi ya misimu yote yenye alama ya mlima yapo, na kwa mtu anayeishi tambarare akikutana na theluji siku chache kwa mwaka, si mabaya hata kidogo. Ningemshauri mtu huyo bila aibu. Kwa anayepanda pasi mwezi wa kwanza na watoto ndani, nachukua ya baridi.

Halafu usidanganyike na alama ya mlima kuhusu barafu. Kipimo chake ni cha theluji. Kwa barafu, lebo ya matairi ya Ulaya tangu Mei 2021 ina alama yake ya pembeni. Na barafu mbaya si ile ya baridi kali. Ile inayokaribia sifuri ndiyo mbaya, maana juu yake kuna utando wa maji. Ya nyuzi 20 chini inashikika kuliko ya nyuzi 1 chini. Wageni wengi wanaogopa kinyume chake.

Kona Kali

Na misumari je? Matairi ya misumari mbona hamjayataja?

Spana 14

Bingwa wa barafu, ni ya nchi za kaskazini kama Norway, Uswidi na Ufini. Kwingine yamepigwa marufuku au yamebanwa sana. Ujerumani hayaruhusiwi, ila kipande kidogo cha mpakani na Austria. Japani waliyaondoa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu yalikuwa yanasaga lami na vumbi linajaa mijini. Mwenye uzi anavuka mipaka, asiyaguse.

Mama Wawili

Kaka Njia Panda, mimi nina wazo lisilo la kishujaa. Umefikiria kukodi gari la safari hiyo likiwa na matairi ya baridi tayari? Au kuliacha gari chini ya mlima na kuvuka kwa treni? Ila ukikodi, uliza kwa maandishi kwamba yana alama ya mlima. Kuna kampuni moja iliniahidi "ya theluji" na nilipofika nikakuta M+S tupu, na anayenikabidhi ananitazama kana kwamba ninamsumbua.

Njia Panda (mwanzisha uzi)

Dada, treni nimeifikiria, ila mizigo na kiti cha mtoto vinanishinda. Na nikikodi kwa siku zote hizo, hesabu inakaribia bei ya matairi.

Nimebadilika mawazo, nisiwafiche. Ile ya mkia kutoka wakati wa kushuka, na ile ya Austria kunikataza pande zote mbili, vimenimaliza. Nachukua matairi manne. Yale ya kiangazi nayatunza stoo, nitayarudisha joto likirudi. Ukihesabu vizuri sinunui matairi ya ziada, nagawanya uchakavu kwa seti mbili.

Maswali yaliyobaki: (1) nichukue saizi ileile, 205/55 R16? (2) kitabu cha gari kinasema cheni zisizidi unene wa mm 9, hii ina maana gani? (3) cheni ninunue lini?

Spana 14

Anza na (2) kwa sababu inaamua (1).

Nyuma ya gurudumu kuna nafasi finyu kati ya tairi na shokapu na mabomba ya breki. Cheni nene ikizunguka inaweza kugonga. Kitabu kinakwambia unene unaoruhusiwa, na wakati mwingine kinakwambia kabisa kwamba saizi fulani ya tairi haifungwi cheni. Kuna magari yasiyoruhusu cheni kabisa kwenye rimu kubwa, na wenyewe wanajua siku wanapofika mlimani.

Kwa hiyo angalia kama karatasi za gari lako zinaruhusu 195/65 R15. Kipenyo cha nje kinakaribiana sana na cha 205/55 R16, ila tairi ni jembamba kidogo na ubavu ni mrefu. Jembamba linakata theluji mpaka chini, nafasi ya cheni inaongezeka, na mara nyingi bei ni nafuu. Kama rimu za 15 zinaingia juu ya breki zako, mimi ningefanya hivyo na kuyaacha matairi kwenye rimu zake, kubadilisha msimu kunakuwa kazi ya jeki na spana tu.

(3) Cheni baada ya matairi. Saizi ya cheni inafuata namba iliyo ubavuni mwa tairi. Ukinunua cheni leo za 205/55 halafu ukaweka 195/65, umetupa hela.

Na ukinunua tairi tazama zile tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT, ubavuni mwa tairi. Mfano 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Usikubali la zamani kwa bei ya jipya.

Msafiri wa Usiku

Soksi za tairi, zile za kitambaa? Nyepesi, zinavalishwa kwa dakika mbili. Mm 9 haimsumbui tena.

Bibi Usukani

Ninazo. Kwa kukwamuka kwenye maegesho au kilomita chache za theluji laini ni nzuri sana, na mikono inakushukuru. Zikikuta lami zinachanika mara moja. Kwenye mwinuko mrefu uliogeuka barafu sizitegemei. Na si kila nchi inazihesabu kuwa cheni, Sheria Mkononi ametaja Ufaransa inayozikubali, kwingine asome kwanza.

Dereva wa Mteremko

Siku yenyewe, mambo machache ya usukani.

Upepo upime matairi yakiwa yamepoa, na upime tena ukifika penye baridi. Kila joto likishuka nyuzi 5 au 6, tairi linapoteza karibu psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi). Ulijaza vizuri ndani ya gereji yenye joto, nje umepungukiwa.

Kushuka, ingia gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, si katikati yake. Acha injini ikushike, breki iguse kidogo kidogo. Gari la otomatiki nalo lina namna ya kushikilia gia, itafute kwenye kitabu.

Kuondoka ukiwa umekwama kwenye theluji laini, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasizunguke bure unaweza kukunyima nguvu kabisa. Uzime, jitoe, uwashe tena mara moja. Usisahau kuuwasha.

Na wenye magari yanayovuta manne wakikupita kwa kasi mlimani, waache. Kuvuta manne kunasaidia kuondoka. Kusimama, kila gari lina breki nne na linategemea matairi yaleyale.

Mbishi wa Kudumu

La mwisho kwangu. Jirani ana gari la kuvuta manne na seti moja ya cheni. Anafunga mbele au nyuma?

Dereva wa Mteremko

Kitabu cha gari lake, si jirani mwenzake. Mengine mtengenezaji anasema mbele, mengine nyuma, mengine yote manne. Kwa hili usikisie.

Njia Panda (mwanzisha uzi)

Karatasi zimekubali 195/65 R15. Nimeagiza manne yenye mlima, na cheni za mm 9 zimeshafika. Nimezifunga mara ya kwanza uani, ilichukua karibu nusu saa. Jana robo saa. Mke wangu amenipita, anafunga upande mmoja kwa dakika sita na anacheka.

Bibi Usukani

Basi mwenye kufunga tumeshamjua 😄 Wewe shika tochi. Na cheni zisiwekwe chini ya mabegi. Ziwe juu, karibu na mlango wa buti, pamoja na glovu na lile zulia.